Zege Linalokunywa Maji ya Mvua

Tarehe 26 Machi, 2025, mvua kubwa ilinyesha katika mji wa Kampala, na watu wasiopungua 7 wakapoteza maisha yao. Barabara zikageuka mito, maduka yakajaa matope, na magari yakaachwa na wenyewe katikati ya maji. Katika siku kama hiyo wa kwanza kuitwa ni askari polisi na wanajeshi. Wao ndio wanaotakiwa kuvuta gari lililozama, kumbeba mgongoni mzee asiyeweza kutembea, na kusimama penye mfereji usioonekana ili mtoto asitumbukie. Kesho yake, maji yakisha kupungua, maneno huwa ni yale yale: mfereji umezibwa kwa takataka, wananchi wamejenga kinamasini. Maneno hayo ni kweli. Lakini yanaanza kuyahesabu maji yakiwa yamekwisha kufika bondeni, na ni mara chache mtu kuuliza yametoka wapi.

Yametoka juu. Kampala ni mji wa vilima, na kila kilima kina bonde lake. Wakati wa ukoloni Wazungu walijichagulia vilima vya Nakasero na Kololo, penye hewa safi na ardhi kavu, na mabonde yakaachiwa mafunjo, mbu na watu maskini. Siku hizo mvua iliponyesha kilimani ilikuta majani, migomba na udongo mtupu. Sehemu kubwa ilizama papo hapo, na iliyobaki iliteremka polepole mpaka katika mafunjo, ikatulia humo kabla ya kuingia katika Ziwa Victoria. Hesabu ya watu ya mwaka 1969 ilionyesha kwamba Kampala ilikuwa na watu wapatao 330,000. Hesabu ya mwaka 2024 ilionyesha watu karibu milioni 1.8. Watu hao wanahitaji mapaa, barabara, masoko na mahali pa kuegesha magari, na vitu vyote hivyo havinywi maji.

Hesabu yenyewe si ngumu. Uchukuliwe uwanja wa gwaride wenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 60, uliosakafiwa vizuri kwa zege. Ikinyesha mvua ya milimita 50, jambo ambalo si la ajabu katika nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria, uwanja huo peke yake utapokea lita 300,000 za maji, yaani mapipa 1,500 ya lita mia mbili mbili. Maji hayo hayana pa kukaa. Yatatafuta lango, yatashuka barabarani, na baada ya dakika chache yatakuwa mlangoni kwa mtu ambaye hajawahi kuuona uwanja huo. Mwenye uwanja atalala pakavu, tena atajisifu kwamba mifereji yake inafanya kazi.

Ni kwa sababu ya hesabu ya namna hiyo kwamba mafundi wa nchi mbalimbali wameshughulika kwa miaka mingi na zege lenye matundu, ambalo maji hupita ndani yake kama yapitavyo katika chujio. Historia ya zege hilo inastahili kuelezwa, maana wako wanaolisifu kupita kiasi kwa ajili ya biashara, na wako wanaolidharau kwa kuwa waliliona mahali lilipotengenezwa vibaya.

Zege la kawaida hutengenezwa kwa saruji, mchanga, kokoto na maji. Mchanga huingia kati ya kokoto ukaziba nafasi zote, na ndiyo sababu zege hilo huwa zito na gumu. Ukiondolewa mchanga, au ukitiwa kidogo sana, saruji huzipaka kokoto na kuzigandisha pale zinapogusana tu. Nafasi kati yake hubaki wazi. Katika zege lililotengenezwa vizuri, nafasi hizo huwa kiasi cha asilimia 15 mpaka 25 ya zege lote, nazo zimeungana kutoka juu mpaka chini.

Ajabu ni kwamba jambo hili halikuanza kwa ajili ya sakafu, wala kwa ajili ya mafuriko. Lilianza Uingereza mwaka 1852, zege la namna hii lilipotumiwa kujengea nyumba mbili pamoja na ukuta wa kukinga ufuko wa bahari. Waliojenga walitaka kupunguza matumizi ya saruji. Baadaye jambo hilo likasahauliwa kwa miaka mingi, hata likarudi Uingereza kwa njia ya Uholanzi, na mwaka 1923 nyumba 50 za ghorofa mbili zikajengwa kwa zege hilo katika mji wa Edinburgh. Kuta zake zilipigwa lipu nje na ndani. Mafundi waligundua kwamba matundu makubwa hayafyonzi unyevu kama yafanyavyo matundu madogo ya tofali, kwa hiyo ndani ya nyumba palikuwa pakavu. Tabia ile ile ambayo leo inalifanya lipitishe maji katika sakafu, ndiyo iliyolifanya lizuie unyevu katika kuta.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya Pili. Vita vilipokwisha mwaka 1945, miji ya Ulaya ilikuwa magofu, na mamilioni ya watu hawakuwa na mahali pa kulala. Ujerumani ilikuwa na milima ya vifusi vya nyumba zilizopigwa mabomu, na haikuwa na matofali. Vifusi hivyo vilivunjwavunjwa, vikachekechwa, na vingine vikatumika mahali pa kokoto katika zege lisilo na mchanga. Huko Uingereza kampuni ya George Wimpey ilijenga nyumba za namna hiyo kwa mamia ya maelfu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ya haraka na haikuhitaji waashi wengi. Hivyo zege hili lilikuzwa na dhiki.

Wanajeshi nao walikuwa na haja yao. Ndege inapotua kwa kasi katika njia yenye maji, magurudumu yake hupanda juu ya maji na kuacha kuigusa ardhi. Breki hushikwa bure, na ndege huteleza mpaka mwisho wa njia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, wataalamu wa viwanja vya ndege vya kijeshi nchini Uingereza walitandaza juu ya njia za kurukia tabaka jembamba la kokoto na lami lenye matundu. Maji yaliingia ndani ya tabaka hilo, yakatambaa na kutokea pembeni. Hiyo ilikuwa lami, wala si zege, na chini yake palikuwa pamezibwa kabisa. Hata hivyo fikira ilikuwa mpya. Kwa karne nyingi wajenzi wa barabara walikuwa wamefundishwa kwamba maji ni adui anayepaswa kufukuzwa juu ya barabara, na sasa waliona kwamba anaweza kufunguliwa mlango.

Mlango huo ulifunguliwa zaidi katika jimbo la Florida, nchini Marekani, tangu miaka ya 1970. Florida ni nchi ya tambarare, ina mvua nyingi za kiangazi na tufani za kutoka baharini, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni mchanga unaonywa maji upesi. Miji ilikuwa ikipanuka, na kila duka jipya lilikuja na uwanja wake wa kuegeshea magari. Mwaka 1982 jimbo hilo liliweka amri juu ya maji ya mvua katika ujenzi mpya: mjenzi ayashike na kuyasafisha maji ya kiwanja chake kabla ya kuyaachia. Wengi walichimba mabwawa. Lakini bwawa hula ardhi, na ardhi ni fedha. Ndipo baadhi yao walipoona kwamba uwanja wa magari unaweza wenyewe kuwa bwawa, ikiwa juu yake pametandazwa zege lenye matundu na chini yake pamejazwa mawe. Mwaka 1987 sheria ya Marekani nzima ya kulinda maji ilirekebishwa ili iyaguse pia maji ya mvua yanayotoka mijini, na tangu hapo zege hilo likaenea katika majimbo mengine.

Hapa panafaa kutua kidogo. Zege hilo lilijulikana tangu mwaka 1852, lakini halikuenda sakafuni kwa wingi mpaka palipokuwapo sheria ya kumwambia mwenye kiwanja kwamba maji yanayoanguka kwake ni mzigo wake. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa na sababu ya kulipia. Maji yalikuwa yakimwendea mtu mwingine, na huyo hakuwa na mahali pa kushtaki.

Kazi ya kwanza katika Florida haikwenda vizuri kila mahali. Viko viwanja vilivyomomonyoka, na vingine vilivyoziba. Sababu ni kwamba zege hili halivumilii mazoea. Likitiwa maji mengi, uji wa saruji huteremka na kuziba matundu ya chini. Likitiwa machache, kokoto hazishikani, na gurudumu la kwanza huzitawanya. Fundi hulipima kwa kulifinyanga kiganjani: lishikane kama donge, lakini lisiache uji mkononi. Likisha kumwagwa, husawazishwa upesi kwa reki na kukandamizwa kwa rola nyepesi, kisha hufunikwa kwa karatasi ya plastiki kwa muda wa siku 7, kwa sababu upepo na jua hupita ndani yake na kulikausha kabla halijaiva. Mwiko haupitishwi. Jambo hili huwa gumu kwa fundi aliyezoea kusifiwa kwa sakafu laini kama kioo. Akipitisha mwiko mara mbili tatu kwa kupendezesha, amekwisha kuziba kazi yote. Katika Marekani ilibidi hatimaye kuwekwa mafunzo, mitihani na vyeti maalumu kwa mafundi wa zege hili.

Adui wa pili ni uchafu. Vumbi, matope na majani huingia katika matundu na kukaa humo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Central Florida walivikagua viwanja vilivyokuwa vimetumika kwa miaka mingi, na walionyesha kwamba kuvifyonza kwa mashine au kuviosha kwa maji yenye nguvu kulirudisha sehemu kubwa ya uwezo uliopotea. Kwa hiyo kuziba si kifo. Lakini sakafu isiyosafishwa hata siku moja huwa baada ya miaka michache sawa na sakafu yoyote nyingine, isipokuwa kwamba iligharimu zaidi.

Nchi iliyoichukua fikira hii kwa ukubwa kuliko zote ni China. Tarehe 21 Julai, 2012, mvua ilinyesha Beijing na kuua watu 79 katika mji mkuu wa taifa lenye nguvu, na wananchi wakauliza maswali. Mwezi wa Desemba, 2013, Rais Xi Jinping alisema kwamba miji ijengwe iwe kama sponji, iyanywe maji ya mvua, iyahifadhi, na iyaachie inapohitajika. Mwaka 2015 miji 16 ilichaguliwa kufanya majaribio, na mwaka uliofuata ikaongezwa 14. Lengo lililowekwa ni kwamba kufika mwaka 2030, asilimia 80 ya maeneo ya miji iwe na uwezo wa kuhifadhi au kutumia asilimia 70 ya mvua inayoyanyeshea. Zege lenye matundu lilikuwa sehemu mojawapo tu ya mpango huo. Bustani za kunywa maji, mabwawa na vinamasi vilikuwa sehemu nyingine, tena kubwa zaidi.

Mji wa Zhengzhou, katika mkoa wa Henan, nao ulikuwa umeingia katika kazi hiyo kwa mabilioni ya yuani. Tarehe 20 Julai, 2021, kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, mji huo ulipata mvua ya milimita 201.9 kwa saa moja tu. Katika siku tatu jumla yake ilifika milimita 617, wakati mvua ya mwaka mzima kwa kawaida ni milimita 640 hivi. Maji yaliingia katika reli ya chini ya ardhi, na abiria 14 wakafa humo. Huko Luoyang wanajeshi wa Jeshi la Ukombozi la Watu walilazimika kulipua sehemu ya bwawa la Yihetan ili maji yageuzwe njia kabla bwawa zima halijavunjika. Taarifa ya serikali ya China iliyotolewa Januari, 2022, ilisema kwamba watu 398 walikufa au kupotea katika mkoa huo, 380 kati yao katika Zhengzhou. Taarifa hiyo ilieleza pia kwamba wakubwa wa huko walificha au kuchelewesha habari za watu 139 miongoni mwao, na kwamba maonyo ya mvua yalitolewa lakini hayakufuatwa na amri za kusimamisha kazi na usafiri kwa wakati.

Baada ya msiba huo wengi walisema kwamba sponji imeshindwa. Usemi huo hauna haki. Zege lenye matundu, unene wa sentimita 15, likiwa na nafasi za asilimia 20, linaweza kushika milimita 30 za mvua ndani yake. Tabaka la mawe la sentimita 30 chini yake, lenye nafasi za asilimia 40, litashika milimita 120 nyingine. Hiyo ni mvua kubwa, lakini ni ile inayoiangukia sakafu yenyewe. Ikiwa sakafu hiyo itapokea pia maji ya mapaa na barabara zinazoizunguka, itajaa mapema. Zege halikuahidi kuzuia mvua ya Zhengzhou. Walioahidi ni watu, na watu hao hao ndio waliokuwa na mamlaka ya kusimamisha treni.

Kwa Uganda na jirani zake, ambako mvua za kila mwaka ndizo zinazoleta hasara ya kila mwaka, jambo hili lina mahali pake na lina mipaka yake. Udongo mwekundu wa vilimani hunywa maji kuliko udongo mfinyanzi wa mabondeni. Bondeni maji ya ardhini yako karibu, na sakafu yenye matundu haitakuwa na mahali pa kuyapeleka mengine. Kwa hiyo zege hili linafaa juu, mahali ambapo mafuriko huanzia, wala si Bwaise, ambako huishia. Nalo jambo hilo linawagusa wakubwa zaidi ya wadogo, kwa maana huko juu ndiko kwenye mahoteli, maofisi, majumba ya serikali na nyua zilizosakafiwa kutoka ukuta mpaka ukuta. Penye mteremko mkali itabidi pia kujenga vizuizi ndani ya tabaka la mawe, la sivyo maji yatateremka chini ya sakafu na kutokea mwishoni kama chemchemi.

Katika kambi na vituo vya polisi, zege hili linaweza kutandazwa kwenye njia za miguu, mahali pa kuegesha magari madogo, na nyua za ofisi na nyumba. Halifai kwa vifaru wala malori mazito, kwa kuwa nguvu yake ni ndogo kuliko ya zege la kawaida. Halifai kabisa katika gereji na penye pampu za mafuta, maana dizeli itakayomwagika itapita moja kwa moja mpaka ardhini, na kisima cha kambi huenda kikawa mita chache tu kutoka hapo. Tena vumbi jekundu la nchi hii ni jepesi kuingia katika kila tundu. Kando za sakafu hazina budi kupandwa majani ili matope yasiingie, na sakafu yenyewe ifagiliwe kabla ya kila msimu wa mvua. Pengine kambi ya jeshi ni mahali panapofaa kujaribia kuliko ua wa mtu binafsi, kwa kuwa hapo yupo mtu wa kuamuru sakafu ifagiliwe, na wapo wa kuifagia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mfereji wa Nakivubo ulipanuliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, na ilisaidia. Lakini mfereji mpana huyachukua maji upesi zaidi, pamoja na mafuta ya barabarani, kinyesi na takataka, na kuyapeleka katika kinamasi cha Nakivubo. Utafiti wa mwaka 1999 ulikadiria kwamba kazi ya kinamasi hicho, hasa ya kuyasafisha maji machafu ya mji, ilikuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka. Tangu wakati huo sehemu kubwa ya mafunjo yake imefyekwa, pakalimwa magimbi na kujengwa. Maji yatokayo hapo huingia katika Ghuba ya Murchison, na ni katika ghuba hiyo hiyo, kilomita chache tu mbele, ambamo mitambo ya Gaba huvuta maji ya kunywa ya Kampala.